Vidole Vinne Chini ya Goti

Usiku wa pili baada ya kupasuliwa, James Reston hakupata usingizi. Ilikuwa Julai 1971, naye alikuwa amelazwa katika hospitali kubwa ya Peking, mji ambao leo tunauita Beijing, tumbo limejaa hewa na kukaza kama ngoma. Mwandishi huyu mkongwe wa gazeti la New York Times, mwenye umri wa miaka 61, alikuwa amekwenda Uchina kufuatilia siasa, akashikwa na kidole tumbo. Waziri Mkuu Zhou Enlai aliagiza mabingwa wamwangalie, na tarehe 17 Julai wakamfanyia upasuaji wa kawaida, kwa dawa za ganzi za kawaida. Operesheni ilikwenda salama. Kilichomtesa ni utumbo ambao baada ya hapo haukutaka kuamka.

Kwa idhini yake, daktari wa tiba ya sindano wa hospitali ile, Li Chang-yuan, alimchoma sindano tatu ndefu na nyembamba, upande wa nje wa kiwiko cha mkono wa kulia na chini ya magoti, akawa anazizungusha. Kisha akawasha majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga na kuyashika karibu na tumbo ili lipate joto. Reston alikiri baadaye kwamba wazo lilimjia kuwa hiyo ni njia ya kuzunguka mno kwa kazi ya kumtoa mtu hewa tumboni. Lakini ndani ya saa moja mkazo ulilegea, na haukumrudia tena.

Tarehe 26 Julai kisa hicho kilitoka ukurasa wa kwanza wa gazeti lake, na Wamarekani wengi wakasikia habari za sindano za Kichina kwa mara ya kwanza. Njiani habari ikapinda. Mpaka leo wapo wanaosimulia kwamba Reston alipasuliwa bila ganzi, kwa sindano peke yake. Hakuandika hivyo. Alichoandika ni jambo dogo zaidi, ambalo lingepaswa kuwavutia wakunga na manesi kuliko mtu mwingine yeyote: baada ya tumbo kupasuliwa, daktari aligusa mguu, na utumbo ukafunguka.

Hali iliyomkuta Reston huwakuta mamilioni ya wanawake kila mwaka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 21 ya watoto wote duniani wanazaliwa kwa upasuaji, na kwamba idadi hiyo itafika asilimia 29 ifikapo mwaka 2030. Kila mmoja wa akina mama hao hushuka kwenye meza ya upasuaji akiwa na mtoto wa kunyonyesha, kidonda cha kuuguza, na utumbo uliosinzia.

Ndiyo maana katika wodi za wazazi, iwe Beijing au Dar es Salaam, swali la asubuhi ni moja. Nesi akishatazama kidonda na kupima presha, huinama kidogo na kuuliza, “Mama, umeshatoa hewa?” Wengine hawapambi maneno: umeshajamba? Siku ya kwanza mzazi huona haya, hasa mama mkwe akiwa ameketi pembeni na chupa ya uji. Siku ya pili haya imekwisha, na akiitikia ndiyo, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani hutabasamu. Kwa Kichina neno la adabu la jambo hilo ni paiqi, kutoa hewa, na ndugu wa mgonjwa hulitaja kwenye simu kama wanaotangaza matokeo ya mtihani.

Utumbo una sababu nyingi za kulala. Kisu kinapopita tumboni, mwili huwasha neva za tahadhari, zilezile zinazomfanya mtu aliyekutana na nyoka asikumbuke njaa. Neva hizo huuamuru utumbo usimame. Chembe za kinga zilizomo kwenye ukuta wa utumbo nazo huamka na kumwaga kemikali zinazolegeza misuli yake. Juu ya hayo huja dawa za maumivu za jamii ya mofini na pethidini, ambazo hutuliza ubongo na kuutuliza utumbo vilevile, kwa sababu utumbo una vipokezi vya dawa hizo. Mama huyu pia hakuanza na utumbo mwepesi. Miezi tisa homoni ya projesteroni imekuwa ikiupunguzia mwendo, na vidonge vya madini ya chuma vya kliniki vimemfanya ajue maana ya choo kigumu.

Baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo, viungo huamka kwa zamu. Utumbo mwembamba huanza kazi ndani ya saa chache, tumbo la chakula hufuata baada ya siku moja au mbili, na utumbo mpana huwa wa mwisho, siku ya pili au ya tatu. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji mambo kwa kawaida huwa mepesi zaidi, maana mpasuaji anashughulika na mji wa mimba na haupekui sana utumbo. Hata hivyo saa hizo za kusubiri zina adha zake. Tumbo hujaa, kidonda huvutwa, mtoto akiwekwa juu ya tumbo mama hushtuka. Wapo wanaolalamika maumivu ya bega na kudhani wamelalia mkono vibaya, kumbe ni hewa iliyobaki ndani na kukigusa kiwambo cha kupumulia, ambacho neva zake hupeleka habari begani.

Hapo ndipo mguu unapoingia.

Nukta inayotajwa kuliko zote kwa matatizo ya tumbo inaitwa Zusanli. Zu ni mguu, san ni tatu, na li ni kipimo cha Kichina cha mwendo, ambacho siku hizi ni nusu kilomita. Wachina husimulia kwamba msafiri aliyechoka akiibonyeza nukta hiyo hupata nguvu ya kwenda li tatu zaidi. Wajapani waliichukua na kuiita sanri, na mshairi wao Matsuo Bashō, kabla ya kuianza safari yake ndefu ya miguu mwaka 1689, aliiunguzia majani ya pakanga ili miguu ipate nguvu.

Kuipata hakuhitaji chombo. Mtu hukaa akakunja goti, kisha hutafuta kwa kidole kile kishimo kidogo kilicho chini ya pia ya goti, upande wa nje. Hulaza vidole vinne pamoja kuanzia kwenye kishimo kuteremka chini. Pale kidole cha nne kinapoishia, husogea kando ya mfupa wa muundi kuelekea nje, upana wa kidole gumba kimoja. Hapo pana nyama. Akikandamiza kwa gumba, kwa nguvu ya kutosha lakini si ya kuumiza, husikia kitu ambacho si maumivu hasa: uzito, kujaa, au ganzi inayoteremka kuelekea kwenye unyayo. Waganga wa Kichina huita hisia hiyo deqi, na bila hiyo huhesabu kwamba hawajafika mahali penyewe. Vidole vinavyopima ni vya mgonjwa, hata kama anayebonyeza ni mwingine, kwa kuwa kila mwili una kipimo chake. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Pasifiki ya Magharibi, lilichapisha mahali sanifu pa nukta 361 za mwili, na nyingi hupimwa kwa njia hiyohiyo ya vidole.

Ya pili kwa umaarufu iko mkononi. Inaitwa Neiguan, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa ndani, katikati ya kano mbili zinazochomoza mtu akikunja ngumi. Hiyo ni ya kichefuchefu, na ushahidi wake ni mzito. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 59 yenye watu 7,667, yakaona kwamba kuichochea nukta hiyo, iwe kwa sindano, kwa kidole au kwa bangili yenye kifungo, kunapunguza kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji kuliko kuigiza matibabu, na kwamba matokeo yake hayatofautiani sana na ya dawa za kuzuia kutapika. Mama aliyetapika akiwa na kidonda kibichi tumboni anaijua thamani ya habari hiyo.

Katika hospitali za Uchina, si lazima mzazi achomwe sindano. Mara nyingi nesi hubandika vipande vyenye gundi kwenye miguu yote miwili, akaviunganisha na mashine ndogo inayopitisha umeme hafifu kwa nusu saa hivi; mgonjwa husikia msuli ukicheza kidogo. Wengine hubandikiwa sikioni mbegu nyeusi za mviringo, ndogo kama haradali, wakaambiwa wazifinye kila baada ya saa kadhaa. Na wengine hufundishwa tu, wao na mume au mama aliyekuja kuuguza, mahali pa kubonyeza.

Mtu wa kawaida atauliza: mguu na utumbo wapi na wapi? Jibu la vitabu vya kale ni kwamba mfereji wa nguvu uitwao wa tumbo hupita kwenye muundi. Jibu la maabara ni neva, na lina historia ya kupendeza.

Mwaka 1993 Mjapani Akio Sato na wenzake waliwachoma panya waliolazwa kwa dawa, huku wakipima mwendo wa matumbo yao. Walipochoma ngozi ya tumbo, tumbo lilitulia. Walipochoma unyayo wa mguu wa nyuma, likachangamka. Wakakata neva moja baada ya nyingine ili kujua habari inapita wapi, na ikaonekana kwamba ujumbe wa mguu hupanda hadi kwenye ubongo na kurudi kwa neva ya vagasi, neva ndefu inayotoka shina la ubongo na kuteremka hadi matumboni. Vagasi ndiyo inayouambia utumbo kwamba hatari imepita, sasa saga chakula. Kuchoma tumbo lenyewe, kinyume na ambavyo wengi wangedhani, kuliamsha neva za tahadhari, zile za kusimamisha.

Oktoba 2021 jarida la Nature lilileta kipande kingine. Qiufu Ma wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, wakitumia panya, walionyesha kwamba umeme hafifu kwenye sehemu inayolingana na Zusanli huamsha vagasi, vagasi ikaamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na tezi zikatoa kemikali zinazopunguza makali ya uvimbe wa ndani. Kiwango hichohicho cha umeme tumboni hakikufanya hivyo. Sababu waliyoiona ni kwamba aina maalumu ya neva za hisia imejaa kwenye nyama za ndani za mguu na haipo kwenye nyama za tumbo. Walipoziondoa neva hizo, umeme wa mguuni ukakosa nguvu. Kazi ile ilikuwa ya uvimbe, si ya choo, na panya si mzazi. Lakini kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuonyesha waya wenyewe, unakoanzia na unakokwenda.

Basi kwa binadamu inafanya kazi? Jaribio lililo wazi kuliko mengi lilifanyika Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2013. Simon Ng na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong walichukua wagonjwa 165 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana kwa matundu madogo, wakawagawa kwa kura makundi matatu. Kundi la kwanza lilichomwa sindano zenye umeme kwenye nukta zenyewe, Zusanli ikiwemo. La pili lilipata sindano za kuigiza. La tatu halikuchomwa chochote. Kisha wakahesabu saa hadi choo cha kwanza.

Wasiochomwa walisubiri wastani wa saa 122.1. Wa sindano za kuigiza walisubiri saa 107.5. Wa sindano za kweli walisubiri saa 85.9.

Inafaa kuzitazama namba hizo tatu kwa utulivu. Kati ya wasiochomwa na waliochomwa kikweli kuna saa 36 za nafuu, siku moja na nusu. Lakini saa 14 na ushei kati ya hizo zilipatikana kwa kuigiza tu: kwa kuguswa, kwa kukaliwa karibu na mtu mwenye koti jeupe, kwa kuamini kwamba kuna jambo linafanyika. Zilizobaki, kama 21 hivi, ndizo za sindano na umeme. Anayesema tiba hii ni imani tupu, na anayesema ni muujiza, wote wawili wanakutana na jedwali hilo. Jaribio jingine kubwa, la wagonjwa 248 nchini Uchina, lililochapishwa katika JAMA Surgery Januari 2023, lilipata tofauti ndogo zaidi: saa 76.4 kwa waliotibiwa, saa 90.0 kwa walioigiziwa. Ndogo, lakini ipo.

Hao walikuwa wagonjwa wa saratani ya utumbo, waliokatwa utumbo wenyewe. Kwa wazazi, majaribio yamefanyika Uchina, Uturuki na Irani, ya umeme hafifu na ya kubonyeza kwa vidole, na mengi yameripoti hewa kutoka mapema. Mengi pia ni madogo, ya hospitali moja, na yana tatizo lisilokwepeka: mama anajua kama amebonyezwa au hakubonyezwa. Jaribio lililopangwa vizuri zaidi kwa wazazi halikuuliza habari za utumbo bali maumivu. Mjini Greifswald, Ujerumani, wanawake 180 waliojifungua kwa upasuaji uliopangwa waligawanywa makundi matatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Waliowekewa visindano vidogo vya kukaa ndani ya ngozi waliumia kidogo zaidi wakijongea kuliko waliopata huduma ya kawaida, na siku ya kwanza wengi wao zaidi walikuwa wameshainuka na kutembea. Mama anayeinuka mapema, anayehitaji mofini kidogo, amempa utumbo wake nafasi nzuri ya kuamka.

Uamuzi wa haki, kwa hiyo, ni huu: kuichochea Zusanli ni msaada wa kweli lakini wa kiasi. Na kuna msaada mwingine wa bei ya chini kabisa ambao ushahidi wake kwa wazazi ni mwingi zaidi. Unauzwa kioski. Ni chingamu, au bigijii kama wengine wanavyoiita.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 yalijumuisha majaribio 17 na wanawake 3,149 waliojifungua kwa upasuaji. Waliotafuna chingamu baada ya operesheni walitoa hewa mapema kwa takriban saa saba kuliko wasiotafuna. Watafiti walitahadharisha kwamba ubora wa majaribio hayo ulikuwa hafifu, lakini mwelekeo ulikuwa mmoja. Sababu ni vagasi ileile. Mdomo ukitafuna na mate yakitoka, ubongo hudhani chakula kinakuja na kuupigia utumbo simu. Mguu na mdomo ni milango miwili ya nyumba moja.

Hapo panazuka swali ambalo ni kubwa kuliko sindano na chingamu pamoja. Kama kutafuna kitu kisichomezwa kunaamsha utumbo, kwa nini mama ananyimwa chakula chenyewe?

Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, amri ya wodini ilikuwa kwamba mzazi aliyepasuliwa asile wala kunywa mpaka atoe hewa. Wako wanawake waliokaa siku nzima na nusu na dripu mkononi, midomo imekauka, wakinyonyesha kwa tumbo tupu, wakingoja upepo. Amri hiyo ilitoka enzi za upasuaji mwingine na ganzi nyingine, na haikuwahi kuwa na ushahidi wa kuisimamisha kwa wazazi. Mwaka 2002 mapitio ya Cochrane yalihitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kuhalalisha kumnyima chakula na vinywaji mama aliyejifungua kwa upasuaji usio na matatizo. Miongozo ya kimataifa ya kuharakisha nafuu baada ya upasuaji, mwendo ulioasisiwa na mpasuaji Mdenishi Henrik Kehlet katika miaka ya 1990, ilisema wazi mwaka 2019 kwamba mama apewe chakula cha kawaida ndani ya saa mbili baada ya operesheni. Kuhusu chingamu ikaongeza neno la busara: inafaa, lakini mama akishapewa chakula mapema huenda isihitajike.

Kumshindisha mzazi na njaa ili kusubiri ishara ambayo chakula chenyewe kingeisaidia kuja ni kumtesa bure. Anayetaka kujifunza nukta za mguu na ajifunze, lakini aanze kwa kumuuliza daktari: mama huyu anaruhusiwa kula saa ngapi?

Desturi za wazee zilishagusa jambo hili kwa njia yake. Nchini Uchina ndugu humletea mzazi mchuzi wa figili nyeupe, unaosifika kwa kutoa hewa, na humzuilia maziwa ya ng'ombe na ya soya kwa siku za mwanzo kwa kuwa yanajaza tumbo. Pwani ya Afrika Mashariki huja uji wa moto wenye pilipili manga. Wachaga huleta mtori. Vyote hivyo ni laini na vya moto, na huletwa na mtu anayekaa kitandani na kusema, “Kunywa, mwanangu.” Pengine zile saa 14 za kundi la kuigiziwa Hong Kong zina undugu na kikombe hicho.

Na tiba yenyewe ya Kichina si ngeni kwetu. Timu ya kwanza ya madaktari wa Kichina iliingia Zanzibar mwaka 1964, mara tu baada ya Mapinduzi, na nyingine ikaja Tanzania Bara mwaka 1968. Timu za Zanzibar hutoka jimbo la Jiangsu na zimekuwa zikipokezana hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na Abdulla Mzee, Mkoani, Pemba. Miaka ya 1990 kliniki binafsi za dawa za Kichina zilifunguliwa mitaa mbalimbali ya Dar es Salaam. Wengi waliziendea kwa mgongo, magoti na kiharusi. Wodi za wazazi hazikuguswa sana na wimbi hilo, na hilo si ajabu: muuguzi mwenye vitanda vingi na mikono miwili hana nusu saa ya kukaa na mashine kando ya kila mama. Lakini kubonyeza kwa kidole kunahitaji mtu mmoja tu aliyekuja kuuguza.

Mtu huyo ana mambo ya kujua kabla hajaweka gumba. Hagusi tumbo wala karibu na kidonda. Haanzi mpaka ganzi ya mgongo iishe kabisa na mama asikie miguu yake, maana asiyesikia hawezi kusema inauma. Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto, au unauma kwenye shavu la mguu, haukandwi hata kidogo: wazazi waliopasuliwa wako kwenye hatari ya damu kuganda mishipani, na donge likisukumwa laweza kusafiri hadi mapafuni. Huyo aitiwe daktari. Mguu ukiwa salama, dakika mbili au tatu kila upande zinatosha, mara kadhaa kwa siku, huku mama akivuta pumzi taratibu. Na mama ambaye bado ni mjamzito asibonyezwe nukta ya Sanyinjiao, iliyo upana wa vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, wala ile ya Hegu iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Jadi ya Kichina yenyewe inazikataza kwa wajawazito.

Zipo pia hali ambazo si za kubonyezwa popote. Mwaka 1948 mpasuaji Mwingereza William Heneage Ogilvie alieleza wagonjwa ambao utumbo mpana ulivimba kana kwamba umezibwa, ilhali hapakuwa na kizuizi. Tatizo hilo limebaki na jina lake, na upasuaji wa kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayotangulia kutokea kwake. Ni nadra. Lakini likitokea, utumbo hujaa hewa mpaka ukuta wake unakuwa mwembamba na kuweza kupasuka. Kinachodanganya ni kwamba baadhi ya wagonjwa huendelea kutoa hewa kidogo au hata kuharisha, na ndugu wakadhani mambo ni shwari. Tumbo linaloendelea kupanda saa baada ya saa badala ya kushuka, maumivu yanayozidi hasa upande wa kulia chini, kutapika maji ya kijani, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio: lolote kati ya hayo linataka daktari saa hiyohiyo, na picha ya tumbo. Si uji, si chingamu, si Zusanli.

Wengi hawafiki huko. Kwao ni siku moja au mbili za tumbo kukaza, halafu basi. Katika wodi moja ya Kichina au nyingine, jioni kama hii, mama mtu mzima ameketi kwenye stuli ya plastiki karibu na kitanda cha binti yake, bakuli la mchuzi wa figili limewekwa dirishani lipoe. Amekunja goti la binti juu ya mto, amelaza vidole vinne vya binti mwenyewe chini ya kishimo, kisha ameweka gumba lake pale vilipoishia. Anabonyeza, anauliza kama panajaa, anaachia, anabonyeza tena. Mtoto amelala. Nesi anapita na daftari lake, anauliza swali lile lile, binti anacheka huku ameshika kidonda, na nesi anaandika saa.